Tela Yako Isiguse Maji ya Chumvi

Tela yangu ya kwanza ilikuwa ya korosho. Niliinunua Mtwara mjini kwa mtu aliyekuwa akivutia magunia kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, na kilichonivutia ndicho kilichopaswa kunikimbiza: uzito wake. Chuma kinene, sakafu ya bati zito, springi zenye mabamba saba kila upande. Nikajisemea, kitu kilichobeba tani nzima ya korosho kitaona nini kwa kayaki nne?

Kweli hakikuona kitu. Kayaki ndizo zilizoona. Tulitoka Mikindani alfajiri kwenda Msimbati, tumezilaza juu ya vyuma vitupu na kuzikaza kwa kamba ya manila mpaka zinalia. Kufika, moja ina bonde tumboni ukubwa wa sahani ya wali, nyingine mpini wa kubebea umeng'oka na kubaki njiani huko. Springi iliyotengenezwa kwa tani moja haishtuki kwa kilo 120. Inakaa tu kama benchi, na kila shimo la barabarani linapanda moja kwa moja hadi kwenye plastiki.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi huu watu watatu wameniuliza watengeneze tela ya namna gani. Mmoja ana kayaki mbili Shangani ya hapa Mtwara, wa pili ana boti ya faiba ya mita 4 kule Lindi, na wa tatu hana chombo bado ila tela ameshanunua. Huyo wa tatu nampenda sana, maana ndiye mimi wa miaka ile.

Anza na uzito wa chombo, si nguvu ya tela. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja ina kilo 20 hadi 30, ya watu wawili inakaribia 40. Kayaki nne na makafi yake hazifiki uzito wa watu watatu walioshiba. Kwa hiyo unachohitaji ni tela nyepesi yenye springi laini. Kama tayari umenunua jitu kama langu, usilitupe. Mpelekee fundi apunguze mabamba. Yangu tuliyatoa kutoka saba hadi matatu, tukabakiza lile refu lenye macho mawili, yaani vitundu vya bolti kwenye ncha zake, kwa sababu ndilo linaloshika tela yenyewe. Halafu punguza upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa kama ya lori la korosho chini ya kayaki mbili itadunda kama mpira.

Jambo la pili ni mkono wa tela, ule unaotoka mbele kwenda kwenye gari. Mafundi wetu wamezoea tela za mizigo, na tela ya mizigo mkono wake ni mfupi. Kayaki ina mita 4, hata 5, na inapenda kutokeza mbele. Ukikata kona kali, omo, yaani pua ya kayaki, inaingia kwenye taa ya gari lako. Mimi taa ilikwenda nikiwa nageuza pikapu uani kwangu mwenyewe, majirani wanatazama. Sasa nahakikisha kati ya kile kichwa cha mviringo cha kuvutia na omo ya kayaki kuna mita 1 na zaidi. Kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea, chora gari na tela kwa mkaa sakafuni, zungusha tela kwa pembe mraba, utaona mwenyewe kitakachogongana.

Na ekseli, kile chuma kinachobeba magurudumu, isichomelewe. Ifungwe kwa yu-bolti, zile zilizopinda kama herufi U, ili uweze kuisogeza mbele au nyuma, kwa sababu mzigo wa kayaki nne si mzigo wa boti moja yenye mashine tezini, yaani nyuma. Kinachotakiwa ni mkono wa tela ukandamize gari kidogo: kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela na mzigo. Jumla ikiwa kilo 300, pale mbele uzito uwe kama kilo 15 hadi 30. Ukiwa mdogo kuliko hapo tela inatikisa mkia, na ukiongeza mwendo inatikisa zaidi, mpaka inakuchezesha na wewe. Ukizidi, tako la gari linakaa chini na taa zako za mbele zinamulika minazi. Mimi nilipima kwa mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa jamaa mmoja wa korosho. Alinicheka, lakini mizani ilisema kilo 6, na ndipo nilipojua kwa nini safari nzima ya Lindi ilikuwa vita.

Sasa chuma. Hapa naomba unisikilize kuliko fundi wako, hata kama ni shemeji yako. Atakuambia atumie skwea paipu, lile bomba la chuma la pembe nne, kwa sababu ni rahisi kukata na inapendeza. Inapendeza kweli. Lakini maji ya chumvi yanapenya kwenye tundu dogo la kuchomelea, yanaingia ndani, hayana pa kutokea. Unapaka rangi nje kila mwaka, ndani kunaoza. Siku moja niligonga boriti ya nyuma kwa spana nikitaka tu kuangusha tope lililokauka, na spana ikaingia kama kwenye mkate wa kumimina. Rangi ilikuwa nzima, inang'aa! Tumia chaneli, chuma kilicho wazi upande mmoja, unachoweza kukiona na kukimwagia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Ukikuta tela ya mtumba iliyochovywa zinki, ongeza bei uichukue, ila usimruhusu mtu aichomelee. Moto unaunguza zinki na moshi wake unaleta homa. Toboa, funga bolti.

Lakini hata zinki haisaidii kama unafanya nilichokuwa nafanya mimi kwa miaka miwili, yaani kurudisha tela kinyumenyume mpaka baharini ili kayaki zielee zenyewe. Nimeona watu wa nje wakifanya hivyo kwenye video, nikaona ndio ustaarabu. Kumbe wenzetu wengi wanashushia ziwani, kwenye maji baridi, juu ya sakafu ya zege.

Kilichonifundisha ni beringi. Ukiendesha mwendo mrefu, habu za tela, vile vitovu vya magurudumu vyenye beringi ndani, zinapata moto. Ukizitumbukiza majini zikiwa bado za moto, hewa iliyo ndani inapoa ghafla na kunywea, na inavuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira wa kuzibia. Grisi inageuka rangi ya uji wa ulezi. Hujui, husikii kitu, unarudi nyumbani unalala. Baada ya wiki mbili tulikuwa tunakwenda Lindi na kayaki nne, wageni ninaowapeleka baharini wakiwa wametangulia kwa basi, na kabla hatujafika Mingoyo nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Nikasimama. Habu ya kushoto huwezi kuigusa, gurudumu limeinama kama mtu mwenye maumivu ya nyonga. Beringi imekuwa vipande. Tulishinda pale njia panda mpaka jioni tukisubiri mtu wa pikipiki alete beringi ambayo haikuingia, kisha nyingine ambayo iliingia. Wageni kule Lindi walitazama bahari siku nzima bila kuigusa.

Tangu siku hiyo nabeba habu nzima ya akiba, ina beringi zake na grisi tayari, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya kiti. Kubadilisha habu nzima barabarani ni nusu saa. Kugonga beringi mpya kando ya lami kwa nyundo ya kuazima ni siku nzima na vidole viwili.

Ila dawa yenyewe sikuipata kwa fundi. Niliipata kwa babu mmoja mvuvi pale Mikindani, siku pikapu ilipozama kwenye tope hadi ekseli, maji yakirudi. Alisimama akiwa na pondo lake, akatazama weee, akaniuliza, "Mjomba, hili gari lako nalo linakwenda kuvua?" Vijana wakacheka. Kisha akanionyesha jinsi wao wanavyoshusha mashua: magogo chini ya mkuku, ule uti wa chini ya chombo, watu sita ubavuni, chombo kinaviringika hadi majini. Hakuna gurudumu linaloonja chumvi isipokuwa gogo.

Kayaki haihitaji watu sita. Nilichotengeneza ni kitoroli: magurudumu mawili ya toroli la ujenzi, yale manene, kipande cha bomba katikati, na mto wa kulalia kayaki. Tela inabaki juu kwenye ardhi ngumu, chini ya mnazi au mwembe, kavu kabisa. Kayaki inapanda kitoroli, mtu mmoja anaishika omo na kuivuta. Kitoroli kikiota kutu, nanunua magurudumu mengine mawili, basi. Kwa boti ya faiba yenye mashine, ng'oa mashine kwanza ibebwe na watu wawili, halafu tumia magogo, au kitoroli kikubwa na kamba ndefu ili gari livute likiwa juu kwenye ugumu. Njia ya mchanga ya kwenda Ruvula, kule Msimbati, hata bila tela inameza magari, kwa hiyo usijipe ushujaa.

Na angalia maji kabla hujafunga mkanda wa kwanza. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, huku kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne asubuhi. Sasa mgeni anataka kuingia baharini saa ngapi? Saa nne asubuhi, ameshakunywa chai. Saa hiyo maji ya ghuba ya Mikindani yako mbali, na kati yako nayo kuna tope ambalo hata kitoroli kinalia. Siku za bamvua mimi huwapeleka alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari haiendi mbali, unaweza kushusha karibu saa yoyote.

Kama kuna siku huna budi kuingiza tela majini, ipumzishe kwanza nusu saa mpaka habu zipoe kwa kushikika na kiganja. Chomoa waya wa taa. Ukitoka tu, imwagie maji baridi mpaka kwenye mabamba ya springi, siku hiyohiyo, si kesho.

Taa zenyewe nimezifunga kwenye ubao unaotoka. Ni ubao wa kawaida wenye taa mbili za nyuma, indiketa, na namba, unafungwa mwishoni mwa mzigo. Faida yake ni mbili: hauendi majini, na unakaa kule nyuma kabisa ambako kayaki inaishia, kwa hiyo anayekufuata usiku anajua wapi mzigo unakoma. Mchana funga na kitambaa chekundu. Usajili wa tela na bima yake ulizia mapema TRA, wale wa mapato, na kwa watu wako wa bima. Trafiki ukikutana naye kati ya Mtwara na Lindi hataki hadithi ya kayaki, anataka karatasi, reflekta na pembetatu zako.

Nimebakiza kitu ninachojivunia. Vile vyuma vilivyotoboa tumbo la kayaki yangu nilijaribu kuvifunika kwa zulia, likanyonya maji ya chumvi na mchanga likawa msasa. Nikajaribu sponji ya godoro, ikaoza. Mwishowe nilikwenda kwa wauza skrepa nikanunua mikanda ya viti vya magari yaliyokufa. Nimeitundika kati ya nguzo mbili kama kitanda cha kamba, mkanda mmoja mbele na mmoja nyuma, na kayaki inalala humo kama mtoto kwenye mbeleko. Hakuna chuma kinachoigusa. Barabara ikitikisa, mkanda unapokea. Boti ya faiba haifai kulala hivyo, yenyewe inataka mkuku ukae kwenye mbao au roli na mbavu zishikwe pande mbili. Roli zifunike kwa bomba jeusi la maji lililopasuliwa, linateleza na halinywi maji.

Kufunga: mkanda mpana kwa kila kayaki mbele na nyuma, ukaze kwa nguvu za mikono tu. Ile mikanda yenye meno ya chuma ni ya boti na ya lori, juu ya plastiki iliyopigwa na jua la Mtwara itakupinda chombo kabla ya kufika Naliendele. Usokote mkanda mara moja kabla ya kuukaza, la sivyo upepo utaupigia ngoma njia nzima. Mipira ya tyubu tunayofungia mizigo kwenye pikipiki itumie kwa makafi na majaketi ya kuokolea. Kayaki usiiachie mpira, unavutika. Ukitembea kilomita tano za mwanzo simama ukaze tena. Na zibua vile vizibo vya chini ya kayaki, mvua ikikukuta njiani usije ukavuta matangi ya maji bila kujua.

Ile tela ya korosho niliiuza, kwa mtu wa korosho, na mabamba yake nane niliyoyatoa nikampa bure. Kitoroli cha kwanza hakikai kwangu tena. Yule babu alikuja kukiazima abebee mashine yake na dumu la mafuta kutoka nyumbani hadi dikoni, pale vyombo vinapotua, na kila nikimkumbusha ananiambia magurudumu bado mazima.