Chembe sahani zimeshuka? Mwambie daktari ulikokulia

Kaka yangu aliporudi na karatasi ya maabara, sote tuliikodolea macho namba moja: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, 52,000. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu. Fizi zilikuwa zikimvuja damu kila akipiga mswaki. Jirani akasema hiyo ni dengi, tumpe maji ya majani ya mpapai. Tukatwanga, akanywa wiki mbili. Namba iko palepale.

Dengi na malaria kweli huzishusha chembe hizo, ila homa ikiisha nazo hupanda baada ya siku chache. Kaka hakuwa na homa hata siku moja. Hapo tungeshtuka mapema.

Daktari wa pili alianza kwa kumuuliza amekulia wapi. Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, akaoga na kuvua ziwani tangu utotoni. Akamlaza, akampapasa chini ya mbavu za kushoto: bandama limevimba. Ultrasaundi ikaonyesha makovu kwenye ini. Kumbe ni kichocho cha tumbo, minyoo inayoingia mwilini kwenye maji ya ziwa. Mayai ya minyoo hiyo yamekwama kwenye ini kwa miaka, damu ikakosa njia ya kupita, ikarudi kujaa bandamani. Bandama lenye afya hukaa na kama theluthi ya chembe sahani zote. Likivimba huzishikilia nyingi zaidi, hata kama mwili unazitengeneza vizuri.

Na hatari kubwa haikuwa fizi. Damu hiyo iliyokosa njia hutunisha pia mishipa ya umio, njia ya chakula kwenda tumboni, na ikipasuka mtu hutapika damu. Alipewa prazikwanteli ya kuua minyoo, kisha umio ukachunguzwa kwa kamera.

Kwako huenda chanzo ni kingine: VVU, homa ya ini, pombe, upungufu wa vitamini B12, ujauzito, saratani ya damu, dawa kama kwinini, au kinga ya mwili kuzishambulia chembe zenyewe. Mara nyingine chembe sahani hushikamana kichupani, mashine ikahesabu pungufu, kwa hiyo omba kipimo kirudiwe na damu itazamwe kwa hadubini. Nenda na dawa zote unazotumia, hata za mitishamba. Aspirini na diklofenaki usiziguse bila kumuuliza daktari. Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, au kichwa kikikuuma ghafla kwa nguvu, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali usiku huohuo.