Shangazi, chuo kimenipokea ila mume wangu hataki

Shikamoo shangazi. Nina miaka 36, nafundisha Historia sekondari hapa Nachingwea, nina watoto wawili. Nimepata nafasi ya uzamili wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mume wangu anasema heri nisome uongozi wa elimu, maana historia hainunui hata bati. Akiba yangu ya kikoba inatosha ada ya mwaka wa kwanza tu. Aliyenipandikizia mapenzi ya historia ni marehemu babu, aliyekuwa kibarua kwenye mradi wa karanga wa Waingereza. Rafiki yake mmoja bado yu hai, ni jirani yetu. Nifanyeje?
Mwalimu, Nachingwea

Marahaba mwanangu.

Wasomaji wajue kwamba barua nimeifupisha. Uliyonitumia ilikuwa na kurasa tatu, mbili na nusu za mumeo. Babu na jirani wamepata mistari miwili, na tasnifu yako imelala humo humo.

Mumeo hajakosea yote. Uzamili wa historia haupandishi mshahara kesho. Kama unaota uhadhiri, itazame kwanza GPA (wastani wa alama) ya shahada yako ya kwanza bila kujionea huruma, kwani vyuo huiangalia hiyo nayo. Uongozi wa elimu unaweza kukusogeza karibu na kiti cha mkuu wa shule. Kama kiti hicho unakitaka, msikilize. Mimi katika kurasa zote tatu sikuona ukikitamani.

Wengi wanaosoma uzamili hawakwami darasani, hukwama kwenye pendekezo la utafiti. Mtu anapeleka “ukoloni Kusini mwa Tanganyika”, msimamizi anamrudisha, anapunguza kidogo, anarudishwa tena, miezi inakwenda. Wewe swali umezaliwa nalo. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, walianza kufyeka mapori ya Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ili walime karanga. Wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika huko kwenu. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Hayo yameandikwa sana, mengi yakiwa ya Waingereza kuhusu Waingereza: matrekta yaliyowashinda, pauni zilizoteketea, aibu bungeni kwao. Babu yako je? Nani alimwandikisha? Alilala wapi, na shamba lake alimwachia nani? Siku mataruma yalipopakiwa yaondoke, watu wa Nachingwea walisema nini? Mafaili ya Nyaraka za Taifa yatakupa idadi ya vibarua na posho zao. Mengine yako kwa jirani yako.

Mwaka 1968 idara hiyo hiyo unayoiendea ilituma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee kuhusu Maji Maji. Vita vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, kwa hiyo ilikuwa imepita miaka 63, na walioviona kwa macho walikuwa wamebaki wachache. Sasa piga hesabu yako: kijana wa miaka 15 mwaka 1947 leo ameshapita 90. Nafasi ya chuo unaweza kuiomba tena mwakani.

Basi Jumamosi hii chukua simu uende kwa mzee. Mwombe ruhusa ya kumrekodi, taja tarehe na mahali mwanzoni, kisha nyamaza. Usianze na mradi, anza na utoto wake. Akiingia Kimwera, mwache humo humo, utatafsiri baadaye. (Mimi ninayo kaseti ya marehemu mama, dakika 40, na nusu yake ni sauti yangu nikimkatiza.) Mahojiano ya utafiti wa chuo yatadai vibali vyake, na hapo utarudi kwake rasmi, Mungu akimjalia.

Kuhusu mumeo, sidhani historia ndiyo inayomkera. Umemwambia Dar, miaka miwili. Yeye amesikia watoto wawili, jiko, na kodi ya chumba kingine. Kaa naye na karatasi. Darasani ndiko kunakokutaka Dar. Utafiti wako uko hapo nyumbani, ukiondoka wiki chache tu kwenda kusoma mafaili. Tena mchukue Jumamosi hiyo mwende wote kwa mzee. Mwanamume mwenzake atamsimulia mambo ambayo wewe, mjukuu wa rafiki yake, ataona haya kukwambia.

Pesa ya mwaka mmoja haimalizi uzamili, kwa hiyo usianze nayo peke yake. Mwandikie mwajiri kupitia mkuu wa shule, uombe ruhusa ya masomo, na uulize kama umo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Usipande basi bila jibu la maandishi. Nimeona mwalimu aliyeondoka kwa “nenda tu, tutaweka sawa”, akaitwa mtoro kazini, mshahara ukasimama. Jibu likichelewa, ahirisha. Mwakani utakwenda na mahojiano kumi mkononi, na msimamizi hatakuuliza mada yako ni ipi.

Ukishatoka kwa mzee niandikie. Nataka kujua vibarua waliyaitaje yale matrekta.