Mpira wa Mikono: Kipenga Kwanza, Jezi Baadaye

*Maswali ya wasomaji yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa michezo kutoka Tanga, aliyekuwa mwamuzi wa mpira wa mikono.*

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Kahama. Vijana wangu wa mpira wa mikono wamefika UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, lakini wakimaliza kidato cha nne wanapotea. Walimu kadhaa tumekubaliana tutafute mfadhili wa jezi na vifaa ili mchezo upande hadi taifa. Tuanzie wapi? — Mwalimu, Kahama

Marahaba, mwanangu. Habari ya jezi iacheni kwanza. Ugonjwa umeutaja mwenyewe, kisha ukauruka: wakimaliza kidato cha nne wanapotea. Hawapotei hao. Wapo hapo hapo Kahama, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanauza vocha, ila Jumamosi ikifika hakuna mechi ya kwenda. Mwanafunzi anacheza kwa sababu kuna ratiba inayomsubiri, kuanzia shuleni hadi taifa. Siku anavua sare ya shule, ratiba nayo imekwisha. Mwenye bahati anachukuliwa na timu ya jeshi, maana timu zetu nyingi za watu wazima zilizo imara ni za vyombo vya ulinzi na usalama. Waliobaki wanarudi kubishana Simba na Yanga kijiweni.

Kwa hiyo kazi yenu ni kuitengeneza hiyo Jumamosi, na inayoifanya isimame ni waamuzi. Mechi moja ya mpira wa mikono inataka waamuzi wawili uwanjani, wote wenye mamlaka sawa, na mezani anakaa mtunza muda na mwandika magoli. Hao ni watu wanne kabla mchezaji hajagusa mpira. Ukiwa na timu sita na mwamuzi mmoja huna ligi, una ugomvi unaosubiri saa. Nimewahi kukuta mechi ya mtaani kule Korogwe, kocha wa timu moja ndiye aliyeshika kipenga. Hadi mapumziko watu walikuwa wanahesabiana hatua: huyu kapiga tatu, yule kapiga tano. Kipindi cha pili hakikuchezwa.

Waamuzi mnao tayari, ni hao hao waliomaliza shule. Msimtafute mfungaji hodari, yeye atataka kucheza. Mchukueni yule aliyekuwa akikaa benchi na kuzijua sheria kuliko kocha. Mfundisheni kuona mguu unapokanyaga mstari wa mita sita, maana humo ni kwa golikipa tu. Ajue kwamba mwenye mpira haruhusiwi zaidi ya hatua tatu wala kuushika zaidi ya sekunde tatu. Aweze kumtoa mtu nje dakika mbili bila kutetemeka sauti. Aanze na mechi za watoto wa msingi, huko kelele za wazazi ni chache. Na mpeni nauli. Kijana anayepuliza kipenga bure mwezi wa kwanza atakuja. Mwezi wa tatu atakuwa na harusi kila Jumamosi.

Mkishapata watu kama wanane wa namna hiyo, nendeni kwa afisa michezo wa halmashauri. Msiende kuomba pesa. Mwombeni awaunganishe na chama cha mkoa ili vijana wapate kozi inayotambulika. Na klabu zenu zikisimama, ziandikisheni kwa Msajili wa vyama na klabu za michezo ili siku ya uchaguzi wa viongozi mhesabiwe. Mchezo usio na klabu zilizosajiliwa hutawaliwa na watu watatu wenye mhuri.

Uwanja usiwatishe. Ni mita 40 kwa 20, kwa hiyo ule wa mpira wa kikapu, mita 28 kwa 15, hautoshi; pimeni pembeni ya uwanja wa mpira wa miguu, pigeni chokaa. Goli ni mita tatu kwa upana na mbili kwa urefu, fundi yeyote wa kuchomelea analiweza. Ila lifungwe ardhini! Watoto hulining'inia, na goli la chuma likimwangukia mtoto, hapo hatuzungumzii michezo tena. Mipira wanaume wanatumia namba tatu, wanawake namba mbili, watoto namba moja. Msiwape watoto namba tatu kwa sababu ndiyo iliyopo dukani. Vidole haviwezi kuukamata, basi mtoto anajifunza kuusukuma kwa kifua, na ukubwani hutamtoa hapo.

Mwalimu, kwa nini tusikusanye Watanzania walioko Ulaya, tupate timu kali ya taifa? Watu wakiiona kwenye televisheni watapenda mchezo. — Kijana, Arusha

Watapenda wiki mbili. Halafu mtoto aliyependa ataenda kucheza wapi?

Tazama jirani zetu Rwanda. Januari 2026 Kigali ilipokea mashindano ya Afrika ya wanaume, na watu wakaona uwanja unavyong'aa. Wachache waliangalia nyuma: mwaka 2022 walikuwa wenyeji wa mashindano ya Afrika ya vijana, na 2023 vijana wao wakacheza ubingwa wa dunia wa chini ya miaka 19 kule Croatia. Walianza na watoto. Angola ndiyo inayonivutia zaidi. Wanawake wao walitwaa ubingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1989, nchi ikiwa vitani, na 2007 wakamaliza wa saba duniani. Nyuma yao zilikuwepo klabu, Petro ya kampuni ya mafuta na Primeiro de Agosto ya jeshi, zinazokutana kila msimu na hazipendani hata kidogo. Uhasama wa aina hiyo hapa kwetu tumeuweka wote kwenye mpira wa miguu. Ukitaka kuusaidia mchezo, anzisha klabu Arusha ambayo watu wa Moshi wataichukia.

Binti yangu wa miaka 13 anataka kucheza, lakini naona wanagongana sana. Pia anavaa hijabu. Nimruhusu? — Mama, Mtwara

Mruhusu, dada yangu. Kuzuia kwa kifua na mikono iliyokunjwa ni halali. Kumvuta mtu kwa nyuma au kumpiga mkono anaporusha si halali, na adhabu yake inaweza kuwa dakika mbili nje huku timu ikicheza pungufu. Mara ya tatu ni kadi nyekundu. Hijabu inaruhusiwa ikiwa ni kitambaa laini kinachonyumbuka, bila pini. Hereni zibaki nyumbani na kucha zikatwe. Kucha ndizo zilizowahi kunichana mimi, si mabega.

Huku Bagamoyo hatuna uwanja wala chokaa. Tufanyeje? — Msomaji

Mna mchanga! Mpira wa mikono wa ufukweni ni wachezaji wanne tu kila upande, golikipa akiwemo, katika uwanja wa mita 27 kwa 12. Mnacheza vipindi viwili vya dakika kumi, kila kipindi na mshindi wake. Mkitoka sare ya kipindi kwa kipindi, mnamalizana mmoja mmoja dhidi ya golikipa. Bao la kuruka na kuzunguka hewani ni pointi mbili, na vijana wa sarakasi hapo kwenu watalipenda. Mistari ifanyeni kwa kamba. Ratiba pangeni na wavuvi, maana bamvua haina habari na kipindi cha pili.