Rafu isiyoonyesha skrubu: weka drili chini kwanza

Weka hiyo drili chini, yakhe. Umeandika kwamba kesho fundi anakuja kwako Mji wa Kale kufunga rafu ya mvule ya sentimita 120 kwa 25, unene sentimita 4, bila skrubu hata moja kuonekana, na kwamba atatumia fito tatu za chuma zitakazoingia ukutani sentimita 6 na upande wa pili ndani ya ubao, "zatosha". Hazitoshi, wala hazikaribii kutosha.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa plasta ya chokaa. Plasta ya nyumba hizo mara nyingi ina sentimita 3, na pale shimo la zamani lilipozibwa inazidi. Kwa hiyo katika zile 6 za fundi, zinazofika kwenye jiwe ni 3 ukiwa na bahati. Plasta ni nguo ya ukuta, si ukuta. Kanuni yangu ni moja, na ukisahau mengine yote shika hii: anza kuhesabu urefu wa fito pale jiwe linapoanza, na kuanzia hapo taka sentimita 10. Na plasta 3, maana yake shimo ni 13.

Fanya hesabu. Ubao huo wa mvule una kilo kama 8. Vitabu vikijaa, mita moja hubeba kilo 25 hivi, kwa hiyo rafu nzima ni 30. Jumla 38. Uzito huo haushuki sawa na ukuta. Kitovu chake kiko sentimita 12.5 mbele ya ukuta, kwa hiyo kila fito inakuwa mtaimbo: mdomo wa shimo unakandamizwa chini, mkia wa fito unasukuma juu. Ukigawa kwa fito tatu, yenye sentimita 10 ndani ya jiwe husukuma kwa nguvu ya kilo 24 hivi. Yenye 3 husukuma kwa karibu kilo 80, na zote zinamalizikia kwenye kijisehemu cha jiwe laini kisichozidi upana wa kidole. Jiwe linasagika, rafu inainamisha pua. Nyuzi moja tu ya kuinama ni milimita 4 ukingoni, na jicho linaiona kutoka mlangoni.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Fundi anarudi, anapanua shimo, anajaza simiti. Simiti juu ya chokaa ni balaa: ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa, kwa hiyo unyevu wa ukuta unakwepea pembeni na plasta nzima iliyozunguka kiraka inavimba na kubanduka. Ulitaka kuficha mashimo matatu, sasa unapigisha plasta upya ukuta mzima, tena kwa chokaa, na utafute anayeijua.

Wa kulaumiwa ni wale wa video za dakika moja. Yule jamaa anatoboa ukuta wa bodi ya jasi wenye nguzo za mbao ndani, anapiga skrubu kwenye nguzo, anatabasamu. Wewe nguzo ya mbao utaipata wapi ndani ya tumbawe? Wa pili ni muuza hadiwea anayekuuzia kifurushi cha fito za sentimita 7 pamoja na plagi za plastiki, vile vidude vya kushikia skrubu shimoni, "za bure". Ni za bure kweli, thamani yake ndiyo hiyo. Tumbawe lina matundu ndani. Plagi ikiangukia tundu inazunguka na skrubu mpaka Ramadhani ijayo. Nimeshahakikishiwa mimi, mkono kifuani, kwamba "hii yabeba hata motokaa". Labda ya mtoto.

Sasa kazi yenyewe. Angalia swichi na soketi kwanza: waya mara nyingi hupanda au kushuka wima juu na chini yake, usitoboe kwenye mstari huo. Toboa tundu la majaribio la milimita 6 mahali ubao utakapofunika. Unga mweupe laini ni chokaa. Ukibadilika kuwa wa punje na biti ikaanza kukataa, umefika kwenye jiwe. Weka alama ya tepu kwenye biti hapo, kisha nyingine sentimita 10 zaidi kuelekea drili. Zima nyundo ya drili, kwani tumbawe likigongwa linapasuka kwa ndani na hutajua.

Fito ni za milimita 12, zenye thredi, chuma cha pua cha daraja la 316. Chuma cheusi kwa hewa ya bahari yetu kinaota kutu, kutu inavimba na kupasua plasta, na michirizi ya kahawia inatoka chini ya ubao. Shimo milimita 14. Ukihisi biti imezama ghafla kwenye uwazi, panua shimo litoshe soksi ya wavu, kimfuko cha kuzuia gundi, la sivyo gundi yote inamwagikia ndani. Piga brashi, puliza vumbi, piga tena, puliza tena. Gundi ya kemikali ya bomba mbili: tupa mikamuo ya mwanzo mpaka rangi iwe moja, jaza kuanzia ndani kuja nje, ingiza fito ukizungusha. Kwa joto letu inaanza kushika ndani ya dakika chache, kwa hiyo usijaze mashimo matatu halafu ukapokea simu. Iache mpaka kesho yake.

Mashimo ya ukuta na ya ubao yatokane na kigezo kimoja, kipande cha plaiwudi, la sivyo hayatakutana. Ya ubao yawe milimita 13, kina sentimita 18. Usitie gundi kwenye ubao, utataka kuutoa siku moja. Ukuta wa Mji wa Kale haujanyooka, kwa hiyo fuatisha mgongo wa ubao kwa penseli na uuchonge. Mgongo huo ndio unaoficha mwanya, si puti.

Wazee walishalimaliza hili kwa zidaka, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta, lakini usithubutu kuchimba kidaka leo kwenye ukuta unaobeba boriti za juu.

Kabla ya kitabu cha kwanza, pima kimo cha ukingo wa mbele, weka madumu mawili ya maji ya lita 20, acha usiku mzima, pima tena. Imeshuka zaidi ya milimita 2? Toa ubao. Fito hazijashika jiwe.