Kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya usalama viwandani huku Kusini

Wadogo zangu, nawaandikia ninyi mnaoajiriwa kusimamia usalama kwenye viwanda vya korosho na saruji, bandarini, na kwenye mitambo ya gesi hapa Mtwara na Lindi. Kabla ya kusomea kazi hii nilitumikia JWTZ, upande wa wahandisi wa medani. Vijana wengi hudhani mtu aliyetoka jeshini hufanikiwa huku kwa sababu ya ukali. Sivyo. Nilichokuja nacho ni kukagua kabla ya kukanyaga, na kukabidhi zamu kwa maneno kamili: nini kimefanyika, nini kimebaki, wapi pana hatari. Ukali uacheni getini. Mtu anayekuogopa atavaa kofia ngumu akikuona na kuivua ukishapita, na siku akiona nyaya zimechubuka hatakwambia. Kazi yetu inategemea kuambiwa.

Kwa hiyo anza kwa kukaa na watu. Kwenye kiwanda cha korosho, kaa na kina mama wabanguaji uangalie mikono yao. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, na utakuta glovu zimegawiwa lakini zimewekwa pembeni. Usifoke. Uliza, "Shikamoo mama, hii glovu ina shida gani?" Pengine atakujibu kwamba ni nene, vidole havisikii punje, korosho zinavunjika, naye analipwa kwa kilo. Hapo umepata kazi ya kufanya: ni ya kwenda kuzungumza na meneja kuhusu aina ya glovu na namna ya kulipa, wala si ya kumwandikia mama wa watu barua ya onyo.

Nitakapowakazania zaidi ni kwenye kuingia ndani ya tangi, shimo au kisima. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya 19.5, asiingie mtu bila kifaa cha kupumulia. Pima hewa juu, katikati na chini, kwa sababu methane, gesi inayowaka, ni nyepesi hupanda, na haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu, ni nzito hutuama chini. Pua usiitegemee. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikizidi hufisha uwezo wa kunusa, nawe utadhani imeisha kumbe imeongezeka.

Halafu yupo mlinzi wa mlangoni, yaani anayesimama nje ya tangi au shimo kumwangalia aliyeko ndani. Huyu haondoki, hatumwi maji, na haingii kuokoa hata aliyeko ndani akiwa mdogo wake wa tumbo moja. Mashimoni wa pili hufa kwa kumfuata wa kwanza, na mara nyingi ni ndugu au rafiki ambaye moyo haukumruhusu kusimama. Ndiyo maana mkanda na kamba ya kumvutia mtu hufungwa kabla hajashuka. Fanyeni zoezi la kumvuta mtu mzima siku ya amani. Mtagundua kamba fupi, au kwamba hakuna pa kuifungia.

Kwenye mashine inayotengenezwa, kila fundi aweke kufuli lake kwenye swichi iliyozimwa, mtu asije akaiwasha, na ufunguo akae nao mwenyewe mfukoni. Msimamizi akisema kufuli moja linatosha wote, kataa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, isome yote, mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, asikukute unakisia. Andika kila tukio, hata lisilotoa damu. Kibarua aliyeumia bila kuandikwa popote atahangaika sana kudai fidia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na familia yake itakuja kukuuliza wewe.

Kabla wiki ya kwanza haijaisha, mwombe meneja asaini tamko kwamba mtu yeyote, hata kibarua wa siku, anaweza kusimamisha kazi akiona hatari na asikatwe ujira. Asaini mbele ya wafanyakazi, na karatasi ibandikwe wanapokula, si ofisini. Yule wa kwanza kuitumia mshukuru hadharani, hata kama mkikagua mtakuta hapakuwa na hatari yoyote. Wenzake wote watakuwa wanamtazama yeye, na wanakutazama wewe.