Kabla hujaomba jalada liitishwe Wilayani

Ukilalamikia uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania, mtaani watakwambia, "Andika barua Mahakama ya Wilaya, waitishe jalada." Nimewasindikiza ndugu na majirani kadhaa huko, na huwa naanza na swali moja: kwenye kesi hiyo, wewe ulikuwa mdaawa, yaani mmoja wa pande za kesi?

Kama ndiyo, kukata rufaa ndiyo njia yako, na kwa kawaida ni ndani ya siku 30. Marejeo, yaani huko kuitisha jalada na kulikagua, si mlango wa uani kwa aliyelala siku zikampita. Mahakama ya Rufani yenyewe ina msimamo huo kwa mashauri ya Mahakama Kuu. Soma shauri la Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella A.G., la 1996.

Marejeo yalimfaa shangazi yangu. Ndugu mmoja alifungua mirathi ya babu kimyakimya, akateuliwa msimamizi. Shangazi alijua siku dalali alipoleta wateja kuangalia nyumba. Hakuwa mdaawa, angekata rufaa ya nini? Tukaomba nakala ya mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyofanyika mahakamani. Humo hamkuwa na tangazo lolote la mirathi, na uteuzi ulifanyika siku ileile maombi yalipopokelewa. Hayo ndiyo tuliyoyaandika kwenye kiapo. Visa vya yule ndugu, na vilikuwa vingi, tuliviacha nyumbani, kwa sababu hapo mahakama inakagua jalada: uamuzi ni sahihi, ni halali, taratibu zilifuatwa? "Hakimu hakuniamini" ni hoja ya rufaa.

Uteuzi ukafutwa, shauri likaamriwa lisikilizwe upya mbele ya hakimu mwingine. Nyumba hakupewa mtu. Shangazi alinuna wiki nzima.

Angalia pia muda. Kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Mahakama ya Wilaya haigusi shauri la Mwanzo kwa marejeo miezi 12 ikishapita tangu lilipomalizika, kwa hiyo omba nakala mapema, na ubaki na nakala ya barua yako iliyogongwa muhuri. Kwenye jinai fikiria mara mbili: jalada likishafunguliwa, adhabu inaweza hata kuongezwa, mradi usikilizwe kwanza.

Na kama kuna mali inayotembezwa, omba zuio siku hiyohiyo unapofungua maombi. Maombi ya marejeo peke yake hayamzuii dalali kuuza.