Saa 2.4 si Saa 2 na Dakika 40

SWALI: Mhariri, nilisafiri umbali wa kilomita 144 kwa gari lililokwenda kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Nilipogawanya nilipata 2.4, nikawaarifu wenyeji wangu kwamba safari ingechukua saa 2 na dakika 40, lakini nilifika dakika 16 kabla ya muda huo. Nilikosea wapi? Aidha, wakati wa kurudi kwa njia ile ile gari lilikwenda kilomita 40 kwa saa. Je, ni sahihi kusema kwamba wastani wa kasi kwa safari nzima ulikuwa kilomita 50 kwa saa?

JIBU: Kanuni ni kugawanya umbali kwa kasi, na hapo hukukosea. Kosa liliingia ulipokuwa ukilisoma jibu. Saa moja ina dakika 60, wala si 100, kwa hiyo ile 4 iliyo baada ya nukta ni sehemu 4 kati ya 10 za saa, na ukizidisha 0.4 kwa 60 unapata dakika 24. Utaratibu huu wa kuhesabu kwa sitini tumeurithi kutoka Babeli ya kale, ilhali kikokotoo hutoa majibu yake kwa makumi. Ndiyo maana tarakimu za baada ya nukta hazina budi kuzidishwa kwa 60 kabla ya kuitwa dakika.

Swali lako la pili lina mtego mkubwa zaidi, na wengi hunaswa nao. Kujumlisha 60 na 40 kisha kugawanya kwa 2 kungefaa iwapo ungetumia muda ulio sawa katika kila kasi, lakini wewe ulikwenda kwa saa 2.4 na kurudi kwa saa 3.6, maana yake ni kwamba mwendo wa polepole ulichukua sehemu kubwa zaidi ya safari na kuuvuta wastani chini. Gawanya umbali wote, yaani kilomita 288, kwa muda wote, ambao ni saa 6 kamili, nawe utapata kilomita 48 kwa saa.

Tofauti ya kilomita 2 huenda ukaiona ndogo. Hebu basi tuchukulie kwamba ulianza safari kwa kilomita 40 kwa saa, kisha ukataka kurudi kwa kasi itakayoufanya wastani wa kwenda na kurudi uwe 80. Wengi watajibu haraka kwamba urudi kwa 120. Hata hivyo, kilomita 288 zikigawanywa kwa 80 zinatoa saa 3.6, na hizo zote ulikwisha kuzitumia wakati wa kwenda, hivyo ungelazimika kurudi bila kutumia hata sekunde moja.